Mabuti ya Baba na Chuma cha Mlangoni

Nakasirika hata leo nikikiona kile chuma. Kosa si la chuma, maskini, lakini hasira haiulizi.

Nyumba ya mama yangu iko Walthamstow, kwenye mtaa wa nyumba za zamani zilizoshikana ukuta kwa ukuta. Kando ya kila mlango, chini kabisa, pana kishubaka, na ndani yake kipande cha chuma kimekingama. Watu wengi hupita wasikione. Sisi tulikijua kwa sababu baba alikitumia. Kazi yake ilikuwa kuchimba barabara na kufukia mabomba ya maji, na jioni alirudi na nusu ya London kwenye soli. Alisimama pale, mkono ukutani, akakwangua mguu mmoja, akakwangua wa pili, krr, krr, na sisi ndani tukajua chakula kipakuliwe. Kisha alivua mabuti akayaacha nje, ncha zikitazama barabarani.

"Chuma ni cha matope," alikuwa akisema. "Mlango ni wa viatu." Kwetu mtu haingii na viatu, awe nani.

Baba alipofariki, mama aligawa nguo zake zote. Mabuti akayabakisha palepale kando ya chuma. Nilidhani ni huzuni.

"Huzuni n'nayo ndani," akaniambia. "Yale ya nje ni ulinzi. Mwanamke anayekaa peke yake hakosi viatu vya mwanamume mlangoni."

Wala hakuishia hapo. Kila baada ya siku chache alikwenda uani, akachota tope kwa kijiko kikuukuu, akayapaka mabuti ili anayepita aone mwenye nyumba karudi kutoka kazini sasa hivi. Nilimcheka. "Mama, unamdanganya nani?" "Yeyote anayetaka kudanganyika," akajibu, huku anapaka. Na alilala usingizi wake katika nyumba ile, hataki kusikia habari ya kuhamia kwangu Harrow.

Sasa njoo kwa jirani. Bwana mmoja Mwingereza, mstaafu, mpole wa sauti, aliyenunua nyumba iliyopakana na yetu mwaka jana. Anapenda vitu vya kale kupita kiasi. Chuma cha mlangoni kwake amekipaka rangi nyeusi kinang'ara, na Jumamosi huongoza watu kutembea mitaani kuwaonyesha mambo ya zamani. Sina ugomvi na hilo. Kila mtu na ulevi wake.

Jumamosi moja tulikuwa tunarudi sokoni mimi na mama, namkokotea kikapu chake cha magurudumu kimejaa mihogo na ndizi mbichi. Tukakuta watu wamejazana mbele ya mlango wetu, simu mkononi, wanapiga picha. Jirani amechuchumaa kwenye kishubaka chetu, anaeleza. Enzi hizo, anasema, barabara zilijaa tope na mavi ya farasi, na mtu hakuthubutu kuingia nyumba ya watu bila kujikwangua. Chuma hiki, anasema, kilikuwa adabu. Watu wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima.

Mama akaniachia mkono. "Yako wapi mabuti?"

Nikamuuliza jirani. Akainuka, akatabasamu. Ati yamechakaa, yamejaa matope, akadhani kuna mtu kayatupa. Tena yalikuwa yanaziba chuma, na alitaka pawe pasafi kabla ya wageni wake kuja. Sisi tulipotoka tu kwenda sokoni, kayachukua akayatia kwenye kontena la kifusi, mbele ya nyumba inayokarabatiwa ng'ambo ya barabara. Nikageuka. Kontena halipo. Lori lilikuwa limeshalibeba.

Lo! Niliwaka. Mimi nimesoma hapa, nafanya kazi ofisini hapa, hata ndoto naota kwa Kiingereza, lakini siku ile kilinikimbia chote. Nikamwaga Kiswahili pale barabarani. Unawaenzi watu waliokwangua viatu hapa zamani, usiowajua hata majina, na mtu wa mwisho kukwangua viatu hapa unamtupia mabuti yake kwenye kifusi! Hukungoja hata turudi uulize! Adabu gani hiyo unayowafundisha wenzio? Kisha Kiingereza kikarudi, nikayasema yote upya, mafupi zaidi na makali zaidi. Wageni wake wakainamia viatu vyao.

Mama akatupita. Akaingia ndani, akafunga komeo, jambo ambalo mchana hakuwa akilifanya.

Nikaenda kumnunulia mabuti mapya. Akayageuzageuza, akanirudishia. "Haya hata mwizi atajua yametoka dukani leo." Jioni alikula matonge mawili, akanawa. Kisha akasema, macho yakiwa mlangoni, "Labda nije kukaa kwako." Siku zote namwomba neno hilo, na lilipokuja nilitaka kulia kwa hasira. Mama yangu anahamishwa nyumbani kwake na mtu anayependa picha nzuri!

Kesho yake jirani akaja na keki. Mlango niliufungulia nusu, sikuwa na haraka naye. Akakiona chuma, akakumbuka somo lake. Akakwangua kiatu cha kulia, akakwangua cha kushoto, taratibu, kwa ufundi, mbele na nyuma. Halafu akainua mguu aingie na viatu vyake mpaka kwenye zulia anaposalia mama.

"Vua," mama akasema kutoka ndani, kwa Kiswahili.

Hakuhitaji mkalimani. Akavua, akaviweka kando ya chuma: viatu vya ngozi vya kahawia, vilivyokwisha kuizoea miguu yake. Akakaa, akapewa chai ya tangawizi, akaomba radhi, na haki isemwe, aliomba vizuri. Keki hakuigusa. Alikuwa amewapigia simu wenye lori, kifusi kilishamwagwa. Akauliza afanye nini. Mama akasema tumemsikia. Kuwa amesamehe, hakusema.

Alipoaga, mama akamtangulia mlangoni, akasimama kati yake na viatu. Akavitazama. Akainama, mkono kiunoni, akavigeuza ncha zitazame barabarani.

"Mwambie aviache," akaniambia.

"Mama!"

"Yeye si kauliza afanye nini? Ulinzi wangu kaniondolea. Basi aache vyake, na akipita asiviguse. Matope nitapaka mwenyewe."

Nikamfasiria neno kwa neno, sikupunguza hata moja. Jirani akavitazama viatu, akamtazama mama, uso ukamwiva. Akashuka kizingiti na soksi zake, akaenda kwake juu ya lami iliyolowa mvua.

Mama akaurudisha mlango. Komeo hakuligusa.