Pointi za Verlyn Stroschein

Majira yale ya baridi Verlyn Stroschein hakushika koleo hata mara moja. Theluji ikianguka usiku, asubuhi alikuta njia ya gereji imeshasafishwa mpaka barabarani, na aliyesafisha keshakwenda zake. Jambo hili lilimkera. Yeye ndiye aliyeendesha greda la wilaya, akisafisha theluji barabarani, tangu ujana mpaka akastaafu. Theluji ya upande ule wa Minnesota ilikuwa mali yake. Leo anafagiliwa mlango kama mjane.

"Usidhani wanakupenda wewe," alisema Ardis, mkewe, akikata pai ya tufaha, nayo ya kuletewa. "Wanapenda pointi zako. Siku pointi zikiisha, koleo lako utalitafuta mwenyewe."

Ndivyo ilivyokuwa. Kule Wyoming, kwenye milima na kulungu wale wenye masikio kama ya punda, mtu wa jimbo jingine hajiendei tu na bunduki. Huomba kibali, majina yakachezeshwa bahati nasibu, na kila mwaka anaokosa au kuahirisha anaweza kulipia pointi moja. Mwenye pointi nyingi hutangulizwa, na akishapata kibali pointi zake zote hufutwa. Verlyn alikuwa amezilimbikiza tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Kila mwaka alisema mwakani. Mara Ardis kafanyiwa upasuaji, mara gari limekufa, mara goti. Akawa tajiri wa pointi asiye na safari. Na utajiri huo una mlango wa nyuma: kikundi kikiomba pamoja, pointi zao hujumlishwa na kugawanywa sawa, hata aliyekuja mikono mitupu akainuka. Basi watu ambao hawakuwahi kumsalimu kanisani wakaanza kumuulizia hali.

"Siyo mbaya," alijibu kila mara. Upande ule mtu akivunjika mbavu mbili husema siyo mbaya, na kumuuliza zaidi ni kukosa adabu. Kwa adabu hiyo hiyo hakuna aliyegusia goti lake. Wote walikuwa wameliona. Kwenye ghala la ushirika wa wakulima, wanaume wanapokutana asubuhi kunywa kahawa, Verlyn aliingia amejinyoosha kama askari, akatoka amejinyoosha, kisha nyumbani akakaa na barafu gotini, meno yameumana. Alichotaka ni kitu kimoja tu: kuwinda kulungu wa milimani mara moja maishani mwake, kwa miguu yake mwenyewe, kabla miguu haijakataa kabisa. Alikitaka sana, na aliogopa kukisema.

Wa kwanza kuja na ramani alikuwa Darrin, mtoto wa dada yake. Akaitandaza mezani juu ya makombo ya pai.

"Mjomba, tazama hapa. Ardhi ya umma tupu, hakuna uzio, hakuna cha kumwomba mtu ruhusa. Tunaingia ndani huku, nyuma ya huu mlima, kambi tunaipiga hapa. Kulungu wa huko hawajawahi kuona mtu."

"Ni mbali kidogo," alisema Verlyn.

"Aa, wewe usijali! Wewe utakaa kwenye gari, chini. Utapumzika, utatazama milima, utatuchemshia kahawa tukirudi."

Verlyn akakung'uta kombo la pai kwenye ukingo wa ramani. "Siyo wazo baya," akasema.

Kwa watu wale, maneno hayo yana maana ya afadhali nife. Darrin alizaliwa na kukulia pale pale. Alielewa vizuri sana, akakunja ramani yake na kujifanya hajaelewa. Tamaa ina masikio yake ya pekee.

Barafu ilipoanza kuyeyuka akaja Renae Oftedahl, fundi wa mabasi ya shule, mwanamke mpana wa mabega anayeishi peke yake karibu na reli. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Renae alikuja na mkono mtupu kabisa, hana pai, hana biskuti. Hata habari za hali ya hewa hakuzizungumzia. Akavuta kiti.

"Mzee, unaweza kutembea umbali gani?"

Ardis akaacha kusuuza vikombe.

"Niko vizuri," alisema Verlyn.

"Sikukuuliza hali. Nimekuuliza umbali."

"Inategemea."

"Basi vaa viatu, twende tukaone inategemea nini."

Akamtoa nje. Akamvika begi la mgongoni lenye chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani, uzito wa paja moja la kulungu, wakaifuata barabara ya changarawe. Kwenye tambarare Verlyn alikwenda vizuri, hata akaanza kujisifu. Kisha Renae akamwonyesha ukingo wa mtaro. "Panda." Verlyn akapanda hatua chache, goti likakataa, akakaa chini kwenye matope mazito. Alijaribu kuinuka, akashindwa. Aibu ilimjaa mpaka machozi yakamlenga, naye hakuwa mtu wa machozi.

Renae akakaa kando yake, kwenye matope hayo hayo.

"Sasa tunajua," alisema. "Kwenye tambarare unabeba, kwenye kilima hupandi. Mwaka mzima huu hakuna aliyekuuliza?"

"Hakuna."

"Watu wa ajabu sisi. Sikiliza. Nimekwenda kule mara mbili, nikarudi bila kitu. Natembea mno, nawakimbiza kabla sijawaona. Nataka mwenzangu anayejua kukaa akangoja. Na usinione mtakatifu, pointi zako ningezipenda. Lakini pale zinapohitajika ni milima mitupu, utakwenda kulinda gari. Tuombe sehemu ya vilima vidogo, ambako kibali si shida."

"Ardis ataniambia nimepata mchumba," alisema Verlyn, akajipangusa uso kwa kofia.

"Mwambie mchumba mwenyewe ananuka dizeli."

Tangu siku ile walianza kusoma ramani kwa kinyume. Wengine hutafuta mahali palipo mbali na barabara. Wao walitafuta palipo karibu. Wakaona kipande kidogo cha ardhi ya umma kilichobanwa kati ya barabara na kijito, mbele yake shamba la majani ya ng'ombe. Kila mtu anakipita mbio akienda milimani. Lakini je, barabara yenyewe ni ya umma, au ni ya mwenye shamba? Verlyn akapiga simu kwa watu wa barabara wa wilaya ile, akapewa dereva wa greda. Wakaongea kuhusu changarawe na meno ya greda mpaka kahawa ya Ardis ikapoa.

"Ya wilaya," alisema Verlyn alipokata simu, uso umemng'aa. "Anasafisha theluji mpaka kwenye daraja la kijito. Na anasema kila machweo inabidi apunguze mwendo hapo, kulungu wanavuka kwenda kunywa."

Mwezi wa sita majibu yakatoka: Verlyn na Renae wamepata kibali. Habari zilimfikia Darrin kabla ya chakula cha mchana, akamkuta mjomba wake kwenye ghala la ushirika, mbele ya wazee wote wenye vikombe mkononi.

"Mjomba, umeomba vilima? Pale wanaingia hata wasio na pointi! Pointi za miaka yote hiyo umezitupa!"

"Nimezitumia," alisema Verlyn.

"Umezitumia kwa nini hasa?"

Wazee wakatazama kahawa zao. Verlyn akainuka. Hakujinyoosha. Akashika ukingo wa meza, akaliacha goti lichechemee mbele yao wote mpaka kwenye birika.

"Goti langu limekufa, Darrin," alisema, akijimiminia. "Kilima sipandi tena, hata cha mtaro. Kutoka barabarani mpaka kijitoni nafika. Basi Oktoba nitakaa kijitoni na bunduki yangu, na kulungu akipita, nitapiga mimi."