Viti Sita vya Namba Kumi

Kama umewahi kusimama mbele ya jengo kuukuu ukasoma kibao cha shaba kinachosema mahali hapo ni urithi wa taifa na panalindwa kwa sheria, basi kazi ya Fundi Vibao umeiona. Miaka ishirini na sita yuko kwenye karakana ya Idara ya Mambo ya Kale, na hakuna aliyewahi kumuuliza kibao kimetoka wapi. Watu hudhani vibao huota ukutani vyenyewe.

Kazi yenyewe ina miiko yake. Kibao hukaa kulia kwa mlango, usawa wa macho ya mtu mzima. Keekee haigusi jiwe hata siku moja. Tundu hutobolewa kwenye chokaa, kati ya jiwe na jiwe, maana chokaa huzibika na jiwe halizibiki. Skrubu ni nne, na vichwa vyake husagwa kwa tupa mpaka vikawa laini, ili mwizi wa shaba akija na bisibisi arudi alikotoka. Fundi alikuwa amekwisha kufunga vibao mia moja na tisa: kwenye gereza la zamani, kwenye mahakama, kwenye mnara wa saa ambao haujawahi kutaja saa ya kweli. Zamani alisoma kila neno akasisimka. Siku hizi aligonga herufi tu. Tangu mkewe afariki, mwaka wa nne sasa, moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, naye aliuacha hivyo hivyo, kama mtu aliyeukalia mguu wake na anaona uvivu kuunyoosha.

Aliyebaki naye ni mama yake. Bibi huyo alikaa peke yake katika nyumba za reli, safu mbili za nyumba za chumba na sebule zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa treni, mlango namba kumi. Humo ndimo fundi alimozaliwa. Sebuleni mlikuwa na viti sita vya mbao ambavyo marehemu baba yake, seremala wa mabehewa, alivichonga kwa ajili ya harusi yao. Chini ya kila kiti alichoma kwa msumari wa moto namba ya kiti chenyewe, moja hadi sita, na mwaka wa harusi, kwa sababu seremala yule hakumwamini jirani yeyote aliyekuja kuazima. Na majirani waliazima kweli. Hapakuwa na msiba wala sherehe mtaani iliyokosa viti vya namba kumi.

Basi ikaja barua kwamba stesheni inapanuliwa na nyumba zote za reli zitabomolewa. Majirani walilia, wakalaani, wakaenda kumwona diwani. Fundi aliisoma akaikunja nne. Alijua jambo ambalo wenzake hawakulijua: jengo lililotangazwa urithi wa taifa haliguswi. Halibomolewi, halipakwi rangi nyingine, halipigiliwi hata msumari bila kibali. Na mtaa ule ulikuwa na habari yake. Muda mfupi kabla ya uhuru, viongozi saba wa wafanyakazi walijifungia katika nyumba mojawapo wakapanga ule mgomo uliosimamisha treni zote kwa siku kumi na nane. Nyumba ipi? Mtaa mzima ulisema kwa mama yake fundi. Watu walikuwa wamekumbuka viti.

Njia ya kufika kwenye kibao fundi aliijua kwa moyo. Kwanza mtafiti huja kuhoji na kupima. Tangazo hubandikwa siku sitini, mwenye pingamizi aseme. Bodi hukaa, waziri hutia sahihi, Gazeti la Serikali huchapa, na mwisho kabisa huja yeye na keekee yake. Ila yote hayo huanza na shahidi, na shahidi aliye hai alikuwa mmoja tu.

"Mama," alimwambia jioni moja, "kesho kutwa Mtafiti anakuja. Atakuuliza wale watu walikaa wapi. Wewe sema hapa. Neno moja tu."

Mama yake alikuwa anakunja nguo. "Nimekusikia," alisema.

Fundi alilichukua hilo kuwa ndiyo. Ana miaka hamsini na minane, amezaliwa na mama yule, amelelewa na mama yule, na bado aliamini kwamba kusikia kwake ni kukubali.

Mtafiti alikuwa dada mpole mwenye miwani, mgeni kidogo idarani, mwenye tabia ya kumsubiri mtu amalize sentensi yake. Aliweka kinasa sauti mezani, akakaa kwenye kimoja cha vile viti.

"Bibi, tumeambiwa mkutano ulifanyika kwenye chumba hiki."

"Nani kawaambia?"

"Watu wa mtaani, bibi."

"Watu wa mtaani wakati ule walikuwa wananyonya," alisema mama. "Walikaa hapo kwa jirani, namba tisa. Sisi tulipeleka viti. Vilikuwa sita na watu saba, kwa hiyo mmoja alisimama mlangoni anachungulia njia."

Fundi alikuwa amesimama pembeni, ameegemea ukuta. Alihisi kama amesikia habari ya mtu mwingine.

"Una hakika, bibi? Maana..." Mtafiti, aliyejua nyumba ile ni ya nani na inangoja nini, alimtupia fundi jicho. "Maana ni siku nyingi."

"Mjukuu wangu, mwenye namba tisa alikuwa shoga yangu. Mumewe alichukuliwa siku ya tatu ya mgomo, hakurudi mpaka leo. Hata kaburi hatulijui. Yule alitoa mume. Mimi nilitoa viti. Sasa unataka niseme nini?"

Mtafiti alizima kinasa sauti. Alipoondoka, fundi alimuuliza mama yake kama anaelewa kwamba nyumba ndiyo imekwenda. Mama alisema anaelewa, akamuuliza kama atakunywa chai. Alikunywa. Mtu mwingine angepiga meza, angetoka na kububujikwa na machozi nyuma ya nyumba. Fundi aliitafuta hasira akaikosa, akaomba sukari.

Mambo yakaenda kama yaendavyo. Siku sitini zikapita bila pingamizi. Bodi ikakaa, waziri akatia sahihi, Gazeti likachapa: nyumba namba tisa, na kuizunguka eneo la wazi la mita tano kila upande, kwa ajili ya ulinzi wake. Namba kumi ilikuwa ndani ya zile mita tano. Kwa hiyo hata stesheni isingepanuliwa, nyumba ya mama yake isingesalimika. Sheria aliyoitegemea iilinde ndiyo iliyoibomoa. Fundi alilisoma tangazo karakanani mara mbili, akaagiza shaba.

Kilikuwa kibao cha mia moja na kumi. Aligonga herufi moja moja bila kukosea. Alikipima kwa pimamaji, akatoboa kwenye chokaa, akasaga vichwa vya skrubu. Kutoka pale mlangoni pa namba tisa aliona sebule ya mama yake iko wazi, mapazia yamekwisha kushushwa. Alifuta vumbi la shaba, akaingia kwa mama yake kufunga masanduku.

Siku hiyo hiyo ya kuhama Mtafiti alikuja na gari na karatasi. Tangazo lilitaja pia viti vya mkutano, vyote vya wakati ule vilivyobaki, virudishwe namba tisa vilipokaa usiku ule, vizungushiwe kamba watu wavitazame.

"Samahani, bibi," alisema, na ilionekana kweli anaona haya. "Najua tumekuchukulia mengi."

"Chukueni," alisema mama. "Vina haki ya kuwa pale."

Wapakizi walivitoa kimoja kimoja, Mtafiti akavifunga vikaratasi miguuni. Kimoja, viwili, vitatu. Walipofika kwenye kile kilichokaa karibu na dirisha, mama aliinua mkono.

"Hicho siyo."

"Siyo, bibi? Kinafanana."

"Kinafanana kwa sababu fundi alikuwa mmoja. Cha kwanza kilivunjika, marehemu akachonga hicho miaka baadaye. Hakikuwepo kwenye mkutano. Msije mkaandika uongo kwenye vitabu vyenu."

Mpakizi mmoja alitaka kukipindua atazame. Mtafiti alimzuia.

"Acha. Bibi huyu alisema kweli ikamgharimu nyumba. Neno lake linatosha." Akaandika viti vitano, akatia sahihi. Fundi naye, kwa kuwa alikuwa mtumishi wa idara na yuko hapo, akatia sahihi kama shahidi.

Fundi anakaa ghorofa ya tatu, vyumba viwili, dirisha linatazama dirisha la mwenzake. Mama alipanda ngazi kwa mapumziko mawili, akilalamika kwamba waliojenga hawakuwa na mama. Fundi alikuja nyuma amebeba kiti begani. Alimwekea karibu na dirisha, mahali palepale kilipokuwa kikikaa kule, lakini sakafu ya ghorofa haikuwa sawa na kiti kikawa kinacheza. Akakipindua ili apime mguu ulio mrefu.

Chini ya kiti kulikuwa na maandishi ya msumari wa moto. Namba nne. Na mbele yake, mwaka wa harusi.

Alipitisha kidole juu yake. Mkono wa baba yake aliujua, ile nne iliyoachwa wazi juu. Kitu kifuani kikaanza kuchoma, kwa maumivu yale ya mguu uliokufa ganzi ukianza kurudiwa na damu. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi ile ya serikali, shahidi wa viti vitano. Mama yake, ambaye hajawahi kumsikia akidanganya hata umri, alikuwa amesimama nyuma yake ameshika mkoba.

"Mama," alisema.

"Ile heshima ilikuwa ya mwenzangu," alisema mama. "Kiti ni changu. Baba yako alikuwa akikikalia akivua viatu."

Fundi alikisimamisha kiti, akakunja kipande cha karatasi, akakisukuma chini ya mguu mfupi, akakipa kiti utulivu. Machozi yalikuwa yanamtoka, ya miaka minne kwa mpigo, na hakuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeshikilia kiti.

"Kaa, mama," alisema. "Kaa."