Kaburi Lililoota Bulla Pesa

Hapa Bulla Pesa, mimi nikianza kuongea watu wote hunyamaza.

Sawa, hunyamaza wakitumaini nitamaliza haraka.

Lakini hii ya leo msinikimbie. Asubuhi moja niliamka nikakuta kaburi limeota kwa ploti ya jirani yangu Huqa. Mawe yamepangwa vizuri, refu, la mtu mzima.

Na mtaani hakuna aliyekufa.

Nikaelewa mara moja. Juzi yake, wale wa serikali, wa shirika la kuendeleza miji na vijiji, walikuwa wamepigilia vigingi vya mtaro. Kule Kipsing kwenye ukame wanaombwa walete maji, sisi hapa tunawaomba watuondolee. Mvua ikinyesha, kuku wangu hujifunza kuogelea.

Vigingi vilipita katikati ya ploti ya Huqa, pale anapotaka kujenga nyumba za kupangisha.

Mkubwa wao, kijana wa Meru anaitwa Mbae, alipokuja na watu wake, Huqa alikuwa ameketi kando ya mawe, uso umemshuka kama wa mfiwa.

"Hapa amelala baba yangu. Mtampitishia maji machafu kichwani?"

Mbae akavua kofia. Mtoto ana adabu, shida ndiyo hiyo.

"Pole sana, ndugu yangu. Basi tutapindisha." Akanyoosha mkono. "Tupitie kwa hilo jiko la shosho."

Jiko langu mimi, bibi yenu. Ninapokaanga sambusa za kuuza. Likienda hilo, na mimi nimekwenda.

Sikupiga kelele. Nilijitanda shuka, nikaenda kaburini, majirani wakinifuata.

"Huqa, mwanangu, tumwombee mzee kwanza."

"Si lazima, Mama Habon."

"Ni lazima. Geukeni kibla."

Waislamu wote tukageuka kaskazini. Huqa mwenyewe akageuka, mazoea hayo. Kaburi peke yake likabaki limelala vibaya. Alikuwa amelipanga kufuata vigingi.

Mbae hakuelewa. Nikamweleza kwamba sisi maiti wetu tunamlaza kwa ubavu, uso ukielekea kibla.

"Sasa huyu mzee," nikasema, "mbona anatazama mji wa Maua?"

Huqa akajibu upesi:

"Alipenda miraa ya huko."

Watu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mawe yakaondolewa, mtaro ukarudi pale pale kwa Huqa.

Funzo ni hili, wajukuu: serikali utaidanganya hata ukiwa unasinzia. Kazi ni kumdanganya jirani.

Nikawaletea sambusa, nikijisikia malkia.

"Shosho," Mbae akauliza akitafuna, "na hili jiko ni la lini? Kwa ramani yetu hapa ni barabara."

"La zamani sana, mwanangu. Alilijenga marehemu mume wangu, wewe hata hujazaliwa."

"Alijua kujenga," akasema, akauegemea ukuta.

Aliponyanyuka, shati lote mgongoni lilikuwa udongo mbichi.