Mkia wa N

Safari hii niliitwa na jiwe. Mimi ni mchonga maandishi, Chang'ombe ya Dodoma, na nilikuwa nimetuma Mpwapwa jiwe la kaburi la mume wa Mama Neema. Maneno ya Kigogo alinitajia kwa simu, nami nikachonga MUNU WA WANU, mtu wa watu. Ilipobaki siku moja ndugu wakusanyike kulisimika, akanipigia: "Saidi, hili silisimiki. Njoo mwenyewe."

Asubuhi hiyo nilipanda basi nikiwa na tindo, nyundo na hasira. Jiwe halifutiki. Mbande tukachepuka kuelekea Kongwa, alizeti pande zote, nami natafuta cha kujitetea.

Mpwapwa, bodaboda alinishusha mlangoni kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Lete mkono."

Akakiweka kiganja changu mbele ya pua yake, akasema: "Munhu." Nikahisi joto.

"Umeisikia hiyo pumzi? Basi wewe umemkata mume wangu pumzi mara ya pili."

Niliona haya. Sikio langu la Kiswahili lilikuwa limeimeza h, na sasa kati ya N na U haikupita hata ncha ya tindo, sembuse H nzima.

Lakini mimi hukusanya picha za alfabeti kama wengine wanavyokusanya jezi. Simuni nilikuwa na ya Waabkhazi, watu wa milimani kando ya Bahari Nyeusi. Lugha yao imepitia herufi za Kilatini na za Kigeorgia. Leo wanatumia za Kirusi, na wameziongezea zao hadi zimepita sitini. Lugha ni ileile. Nikamwonyesha K zao mbili.

"Hii kavu, mama. Hii yenye mkia hutoka na pumzi."

Akavaa miwani, akatazama. "Mkia tu?"

"Mkia tu."

"Na nani atajua kuusoma?" Akajijibu mwenyewe: "Nitawafundisha. Kata."

Nikakata mikia miwili, mmoja chini ya kila N.

Kesho yake, makaburini, Mama Neema aliwaambia ndugu wote waweke viganja puani. Wakasoma pamoja. Mjane yule alilia, kisha akacheka, nami nikafurahi kupita kiasi.

Kwenye basi la kurudi Dodoma niliendelea, kiganja puani: munhu, munhu. Abiria wa pembeni akaniuliza kama nina mafua.

"Hapana, ndugu," nikamwambia. "Najifunza kuandika."