Nimemfunga

Shida yangu ilianza mwaka 1970, nikiwa na miaka tisa, huko Handeni, mama alipovimba tumbo. Baba hakumpeleka hospitali. Alileta mganga. Mganga akakaa kwetu siku kumi, akala kuku wetu mmoja mmoja mpaka banda likabaki tupu, kisha akachimba chini ya kizingiti akatoa chupa yenye vitu vyeusi. Mimi nilimwona kwa macho yangu akiitoa chupa ile kwenye mkono wa kanzu yake. Nikamwambia baba. Nilipigwa kofi, sikio likalia siku mbili. Siku ya kumi na moja mama akafa, na mganga akasema tulichelewa kumwita. Nikaacha shule darasa la tatu nilee wadogo zangu.

Kwa hiyo mtu asije kunieleza habari za uchawi. Nimefanya kazi za ndani Tanga, nikafanya Dar es Salaam, nikafanya Muscat miaka mingi, mwisho Dubai, na kila nyumba niliyoingia nilikuta mtu anaogopa kitu. Huyu haokoti sarafu njiani, yule hapokei chumvi mkononi. Mimi naokota, napokea, nafagia chini ya vitanda ambavyo wengine hawavisogezi. Najisifu, ndiyo. Kusoma sijasoma, ila kudanganywa sidanganyiki.

Mwaka 2014 nilikuwa nanyoosha nguo kwenye dobi moja Al Ras, kwenye kichochoro nyuma ya maduka ya viungo. Harufu ya bizari na iliki ilikuwa inaingia mpaka kwenye kandura, zile kanzu nyeupe za Waarabu, na wateja wengine walilalamika kwamba nguo zao zinanukia pilau. Mwenye dobi, arbab wetu, alikuwa mzee wa makamo yangu, mtu wa swala, hapandishi sauti. Wanaume wafuaji walilala kwingine. Juu ya dobi kulikuwa na chumba kimoja cha wanawake, na tulikuwa watatu.

Mimi nilipiga pasi kandura. Mkenya mmoja, binti wa Nakuru, mlokole, alikaa kaunta kupokea nguo kwa sababu alijua Kiingereza. Wa tatu alitoka Togo. Kazi yake ilikuwa kubandika namba na kufunga mizigo. Kandura zote nyeupe, zote zinafanana, kwa hiyo kila moja hubandikwa kipande cha kitambaa chenye namba, kwa pini, la sivyo unampa mtu nguo ya jirani yake. Zikishanyooshwa zinapangwa kwenye shuka, shuka inafungwa mafundo mawili, mzigo unapelekwa kwa mteja.

Alikuja akijua Kifaransa na lugha ya kwao. Kiswahili tulimfundisha sisi, hasa mimi, na kilikuwa Kiswahili cha dobi tupu. Leta, loweka, kunja, funga. Mzigo ukiwa tayari nilimuuliza, "Umefunga?" naye anajibu, "Nimefunga, Mama," huku anaupigapiga kwa kiganja kama mgongo wa mtoto. Kwake yeye kufunga ilikuwa ni kukiweka kitu vizuri kisipotee. Hakuwa na maana nyingine ya neno lile.

Siku moja mchana nilipanda juu kuchukua miwani nikamkuta amechuchumaa na beseni, anaogesha kisanamu cha mti, urefu wa kiganja na nusu. Uso wa kile kisanamu ulikuwa umelainika kwa kuoshwa, pua imebaki alama tu.

"Nini hicho?"

Hakushtuka. Akainua vidole viwili. "Mtoto wangu. Wawili, siku moja." Akakunja kimoja. "Huyu, Togo, kwa bibi, anasoma. Huyu, khalas." Akakiinua tena kile kilichokunjwa, akakigusa kwenye kisanamu. "Huyu anaona ndugu anakula, yeye hali. Analia. Anaita ndugu, njoo. Mimi nampa kula, nampa nguo. Haiti tena."

Pacha mmoja alikufa akiwa na miezi minane. Yule aliyebaki alikuwa na miaka sita, na ndiye aliyemfanya mama yake aje Dubai. Bado alikuwa na miaka miwili ya mkataba, kisha arudi akamchukue kwa bibi wakae nyumba yao. Hesabu yake yote ilikuwa hiyo. Miaka miwili asifukuzwe.

Nikacheka. Nasema kweli, nilicheka. "Hicho ni kijiti, mwanangu."

"Ndiyo, Mama. Kijiti," akasema, akaendelea kukipangusa.

Nikamwambia akifiche, yule Mkenya asikione. "Atasema vudu."

Hapo akacheka yeye. Akaniambia kwa maneno ya kuokoteza kwamba bibi yake huenda kwenye vudu kama mimi ninavyokwenda kwenye swala, mchana kweupe, nguo nyeupe, ngoma, na wakitoka huko wanapika wali. "Nyinyi, sinema," akasema. "Nyinyi wote, sinema tu."

Kweli ilikuwa sinema. Yule Mkenya alikuwa anazitazama kwenye simu kila jioni, zile za Afrika Magharibi, mtu anachoma sindano kwenye mwanasesere na mwenzake anaanguka sokoni. Alikuwa haachi kitambaa chake cha kichwa kitandani. Nywele zake zilizong'oka alikuwa anazikusanya anazitia chooni. Nikimwambia kwetu pia waganga wapo na wote ni wezi, anasema, "Mathe, hiyo ya kwenu ni ya majani. Hii ya hawa watu ni level ingine. Hii iko na certificate!" Tunacheka. Hata yule Mtogo alikuwa anacheka, bila kujua anachekwa yeye.

Kisha Mkenya akaanza kuumwa. Damu ya mwezi ikawa haikatiki, tumbo likajaa upande mmoja, gumu. Nikamwambia nenda hospitali. Bima tulikuwa nayo, kadi tulipewa. Hakwenda. Aliogopa kuambiwa saratani, mimi nilijua, na yeye alijua kwamba najua. Badala yake akampigia pasta wa kwao Nakuru. Pasta akaomba kwenye simu, kisha akasema anaona mwanamke anayelala karibu naye. "Nimefungwa, mathe," akaniambia akishuka ngazi kwa kushikilia ukuta. "Pasta ameona. Kizazi changu kimefungwa."

Mnasikia neno hilo. Mimi nililisikia siku ile ile, na sikufanya kitu.

Ikawa Ijumaa. Dobi ilifungwa mpaka alasiri. Mkenya alikuwa anatafuta waya wa chaji ulioangukia chini ya vitanda, akavuta kopo la maziwa ya unga. Nilisikia kopo linagonga sakafu, kisha ukelele. Kisanamu kilikuwa kimekaa ndani ya kopo, na kifuniko cha chupa chenye uji mbele yake. Kilivaa gauni la zambarau. Gauni lile lilikatwa kwenye nguo ya kulalia ya Mkenya mwenyewe, ambayo aliitoa iwe tambara la dobi. Kitambaa kilikuwa kipana kwa kijiti chembamba, kwa hiyo Mtogo alikikusanya mbele, akakibana kwa pini ya dobi. Tumboni.

"Nguo yangu! Aki nguo yangu! Na sindano kwa tumbo! Mathe, si uone!"

Mtogo alitoka bafuni na maji usoni. "Taratibu," akasema, akanyoosha mikono. "Mtoto. Lete."

"Mtoto gani? Huyu ni nani? Ni mimi huyu? Sema!"

"Mtoto wangu." Alikuwa anatafuta neno katika maneno machache aliyokuwa nayo, akalipata lile alilolijua kuliko yote. "Nimemfunga. Nimemfunga vizuri, asiende."

Mkenya akaanza kupiga kelele za kumwita Yesu, mpaka mlango wa chini ukafunguliwa, na arbab akapanda ngazi. Hakuingia, kwa sababu ni chumba cha wanawake. Akasimama nje akageuza uso pembeni, akaniita mimi. Pale ndani mwenye Kiarabu nilikuwa mimi peke yangu.

Akauliza kuna nini. Nikamwambia limekutwa sanamu. Akasema audhubillahi. Akaniambia nimuulize mwenye sanamu amefanya nini. Sikuwa na haja ya kumuuliza, lakini nilimuuliza, akanijibu tena, safari hii akinitazama mimi, polepole, kama mwanafunzi anayemsomea mwalimu wake: "Nimemfunga, Mama. Asiende."

Wakati huo Mkenya akaninyooshea kidole. "Na huyu mathe anajua! Wanakula sahani moja! Wako pamoja!"

Nilikuwa na miaka hamsini na mitatu. Viza yangu ilikuwa inaisha mwezi unaofuata, na arbab alikuwa ameshaniuliza mara mbili kama mgongo wangu bado unaweza pasi. Arbab akageuka kunitazama. Sihir, yaani uchawi, kule ni kosa la serikali, si mchezo, na anayeificha pia anaulizwa.

Kufunga kwa Kiarabu ni rabat. Unafunga mzigo, rabat. Na mwanamume aliyerogwa asiweze mke wake, naye Waarabu wanamwita marbut. Ni neno lile lile lenye pande mbili, kwao kama kwetu. Nililijua hilo tangu Muscat.

Nikamwambia arbab: anasema amemrabat, ili asiende.

Nilitafsiri sawasawa. Hakuna herufi niliyoongeza. Mwanamke yule alikuwa anaitikia kwa kichwa huku nikisema, kwa sababu rabat alilijua, madereva walikuwa wanalitumia kwenye mizigo. Aliitikia! Alidhani namtetea. Ningeweza kusema mtoto wake alikufa. Kwa Kiarabu ni maneno mawili. Arbab mwenyewe alikuwa amezika mtoto, nilijua, nilinyoosha kandura zake za msiba. Sikuyasema.

Arbab akasema hatapeleka polisi, kwa sababu ya Mungu na kwa sababu mwanamke yule alifanya kazi vizuri. Khalas, viza ifutwe, Jumapili aondoke. Yeye aliona amefanya huruma, na kusema kweli kafeel mwingine, mdhamini wa viza, asingefanya hivyo. Kisha akaniambia kile kitu mimi nikakitupe, maana mimi siogopi. Sifa zangu mwenyewe za miaka yote zikanirudia kama kazi.

Mwenzetu alipoelewa, hakulia kwanza kwa ajili ya kazi. Alinifuata mpaka mlangoni. "Mama, mpe mimi. Naenda, sawa. Mpe mimi."

"Uwanja wa ndege wakikukuta nacho utalala ndani," nikamwambia.

Ilikuwa kweli, wanavikamata vitu hivyo. Lakini sikumnyima kwa ajili hiyo. Nilimnyima kwa sababu arbab alikuwa bado yuko chini anasikiliza.

Nilikitia kwenye mfuko mweusi, nikakipeleka pipa la manispaa kwenye kona ya barabara, nikakitupa na gauni lake na kifuniko cha uji. Ni kijiti. Nasema mpaka leo ni kijiti. Lakini nilipokuwa narudi nilikuwa napita kando ya ukuta, kama mtu aliyeiba.

Siku mbili zile alikuwa halali wala hali. Alikaa kitandani na begi miguuni, anaongea na simu kwa lugha ya kwao, na nyuma ya sauti ya mama yake huko Togo nilikuwa nasikia mtoto anauliza kitu. Jumapili dereva alikuja akampeleka. Hakuniaga. Mkenya alimwaga maji ya chumvi chumba kizima, mimi nikayapangusa.

Mkenya hakupona. Wiki ya tatu alianguka kaunta, tukampeleka hospitali kwa nguvu, wakamkuta ana uvimbe kwenye kizazi, wa kawaida tu, daktari alisema wanawake wengi wanao na umekuwepo pale miaka. Walimpasua, wakautoa, akapona. Nikamwambia, "Umesikia daktari? Miaka! Yule mwenzetu hata Dubai hajafika."

Akanitazama kwa huruma. "Mathe, angekuwa hapa singepona. Wangefungua tu wakute damu." Alikwenda kutoa ushuhuda kanisani kwao. Sikubishana naye tena. Ningebishana na nini, na mimi ndiye niliyemfukuzisha mlozi wake?

Baada ya miezi mitano ulikuja ujumbe wa sauti kwenye simu yangu. Kiswahili chake kilikuwa kimeshaanza kusahaulika. "Mama. Mtoto hapa anaumwa-umwa. Mimi sigombi. Umemweka wapi? Sema tu wapi." Nikausikiliza mara nyingi. Mtoto anaumwa-umwa kwa sababu watoto wanaumwa, na kwa sababu mama yake hana kazi ya kumnunulia dawa, nalijua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini hilo ndilo jibu ambalo nisingeweza kumpa. Na lile la pili, kwamba mtoto wake yuko kwenye jalala la jangwani na mabaki ya wali, pia sikuweza. Akatuma tena ule ule. Nikafuta namba.

Arbab alinikatia viza mpya. Akasema huyu mwanamke hana woga na hafichi kitu, akanipa funguo za chumba chetu niwe msimamizi, na mwaka uliofuata vyumba vyake vyote vya wanawake wafanyakazi, Deira, Silicon Oasis, mpaka Jumeirah Village Circle. Nilivisimamia mpaka 2019, nikarudi nyumbani. Mali niliyo nayo imetoka huko, na huko nilifikia kwa ngazi ya Ijumaa ile. Sina njia ya kulisema hilo vinginevyo.

Leo nina nyumba ya tofali Handeni, vyumba vinne, bati la rangi. Nina dobi yangu karibu na stendi, mashine mbili za kufulia, pasi tatu, jenereta moja. Nina kiwanja Korogwe, hati ina jina langu. Nina mbuzi kumi na mmoja. Nina friji, kitanda cha mninga, godoro jipya, simu mbili.