Tangi Lililojaa Arua, Likakauka Ludara

Niliondoka Arua nimekasirika, na sioni haya kusema. Sista Kiden, mkunga wa zahanati ya Ludara, alikuwa amepiga simu tena ofisini kwetu: bomba halitoi maji, na jioni atafunga wodi ya wazazi. Bosi wangu akatazama skrini, akaona tangi la Ludara limechorwa bluu hadi juu, akasema mama huyo anapenda kulalamika. Mimi ndiye fundi wa kompyuta ndogo zinazoendesha pampu ya huko, basi nikachukua pikipiki nikajionee.

Njiani, pale Onduparaka, niliwakuta vijana wanabishana kuhusu mpira, nikapita bila kusimama, jambo ambalo si kawaida yangu. Hadi Koboko ni lami. Baada ya hapo ni vumbi, nami nililila kwa hasira zangu zote.

Mchana, Ludara. Nje ya zahanati wajawazito walikuwa wameketi, kila mmoja na jerikeni yake ya maji ya mto.

"Mutu bila jerikeni, mimi narudisha Koboko na boda," Sista Kiden aliniambia. "Unaona huyu? Amebeba maji kwa kichwa, na tumbo iko hivyo!"

"Bosi anasema tangi imejaa."

"Basi yeye akuje azalie ndani ya hiyo tangi!"

Nilipanda juu ya tangi. Kavu kabisa. Kompyuta yake ndogo ilikuwa nzima na ilijua hakuna maji. Kutoka pale niliiona pampu bondeni, karibu kiasi cha kuitana kwa sauti. Nikashuka kwa Afande Wani, mwanajeshi mstaafu anayeilinda.

"Hii mashine anangoja amri ya Arua," akasema. "Arua nasema tangi imejaa."

Hapo damu ilinichemka. Kompyuta mbili zinazotazamana hazikuruhusiwa kusemezana! Ya tangini hupeleka kipimo Arua, kisha Arua ndiyo huiambia ya pampu ivute maji au isivute. Laini ya simu ya tangini ilikuwa imekatika, lakini kwenye mipangilio nilikuta agizo la bosi, ambalo sikulijua: laini ikikatika, kipimo cha mwisho kiendelee kutumika, ili wageni wanaotembelea ofisi wasione skrini tupu. Cha mwisho kilisema limejaa. Pampu ikatii uongo huo, na akina mama wakaenda mtoni.

Kila kompyuta ilikuwa na redio ndogo ya kuwasiliana na mwenzake ndani yake, imezimwa tangu ilipofungwa. Nikaziwasha zote mbili, nikafuta lile agizo, nikaifundisha pampu kusikiliza tangi lenyewe. Ikanguruma papo hapo. Baadaye bomba la wodi likakohoa hewa, kisha likamwaga. Sista Kiden alinawa mikono hadi viwikoni, taratibu, akaenda kumwita mama wa kwanza.

Jioni nilirudi Arua. Laini ya simu ya Ludara ilikuwa bado imekatika, na bila lile agizo skrini haikuwa na cha kuonyesha. Bosi hakuuliza habari za wazazi.

"Kwa nini Ludara iko tupu kwa skrini? Kesho wageni nakuja. Rudisha vile ilikuwa."

Nilichojifunza safari hii kinaniuma: wapo watu wanaojenga tangi ili litazamwe. Nikamwambia sirudishi. Neno la siri la kompyuta zile nililibadilisha kabla ya kuondoka Ludara, na aliye nalo ni Sista Kiden. Bosi akilitaka, aende Ludara akamwombe, na asisahau jerikeni.