Mtani Aliyenipa Shikamoo

Ukifika Matombo ukauliza habari za marehemu mume wangu, Mwalimu Kasimiri, hutakosa mtu wa kukuambia kwamba aliiba mawe. Sina ugomvi na neno hilo. Lililoninyima usingizi mwaka 1994 lilikuwa neno jingine, na aliyeliondoa midomoni mwa watu ni Stambuli, mpimaji wa maabara, ambaye jina lake sidhani kama limeandikwa popote ila kwenye daftari la zamu. Ndiyo maana naliandika hapa.

Stambuli alizaliwa Kingolwira, baba yake akiwa mfanyakazi wa stesheni. Alisoma chuo cha Kurani, akamaliza darasa la nane, akaajiriwa hospitalini Morogoro kuosha vioo vya maabara. Baadaye alipelekwa kozi, akarudi na koti jeupe. Koti hilo alilipiga pasi mwenyewe miaka yote, kwa sababu mkewe Mwanvita, alivyodai, hakujua kunyoosha kola. Ukoo wake na ukoo wa mume wangu walikuwa watani tangu mababu. Kwetu Waluguru mtani hana ruhusa ya kukuheshimu. Anaweza kuingia shambani kwako akakata mkungu wa ndizi bila kuomba, nawe huna pa kushtaki. Na ukifa, ndiye anayekuja kukuiga na kukusema mbele ya jeneza, wafiwa wakiwa wamekatazwa kukasirika.

Mimi nililelewa na masista, nikafundisha miaka ishirini na sita. Sikuupenda utani. Stambuli alipopita nyumbani kwetu Kilakala akaniita "mke wangu" mbele ya wanafunzi, nilikuwa nikiingia ndani na kufunga mlango.

Mwezi wa Mei mwaka huo mume wangu alishikwa na maumivu chini ya kifua, yakapenya mpaka mgongoni, akatapika hadi akaishiwa nguvu. Tulimpeleka hospitali. Daktari kijana alimbonyeza tumbo, akauliza, "Mzee anakunywa?"

Swali lenyewe halikuwa na ubaya. Kongosho likivimba ghafla, daktari hana budi kuuliza habari za pombe na habari za nyongo. Lakini la pombe lilitangulia, tena saa ya kuona wagonjwa, wodi ikiwa imejaa watu wa kwetu. Nilijibu kwamba mume wangu hagusi hata togwa iliyolala. Jibu langu halikutoka nje ya mlango. Swali lilitoka. Jioni lilikuwa limefika sokoni, na kesho yake akina mama wa mboga walipanda nalo mlimani, kwetu Matombo, vikapu vikiwa vitupu. Mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa kanisa, kumbe mlevi wa siri.

Kila asubuhi Stambuli alikuja na trei yake.

"Kasimiri, lete mkono. Nimefuata kodi."

"Ulichukua jana," mume wangu alisema kwa sauti nyembamba.

"Ya jana ilikuwa maji matupu. Ukoo wenu hata damu mnachakachua." Akanigeukia. "Mke wangu, jiandae. Huyu akifa nakurithi wewe na migomba yako."

"Mwanvita atakubali?" Kasimiri aliuliza.

"Mwanvita ndiye kanituma."

Mume wangu alicheka, kisha akashika tumbo. Mimi sikucheka. Leo ningetoa shamba zima nisikie tena maneno hayo, kwa sauti hizo mbili.

Kipimo kimoja, cha amilesi, hakikupatikana Morogoro wakati ule. Hiyo ni kemikali ya kongosho, nalo likiumia, humwagika kwenye damu. Kichupa cha damu kiliwekwa ndani ya chupa ya chai yenye barafu, kikapanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam. Zilikuwa enzi za ruksa, mabasi ya watu binafsi yamekuwa mengi, na maabara za watu binafsi zimeanza kufunguliwa. Jibu la kwanza lilikuwa elfu moja na mia tisa, wakati mtu mzima mwenye afya hafiki mia mbili. Siku ya tatu jibu jipya lilikuwa mia nne.

Tulifurahi sana. Raphael, mdogo wa mume wangu, alipiga magoti palepale kando ya kitanda. Dada yao, Bernadeta, alituma salamu Matombo kwamba ugonjwa umevunjika. Nilitoka mbio nikamkuta Stambuli kwenye korido.

"Umesikia?" nilimwambia. "Imeshuka."

Aliweka trei dirishani. Akanitazama, akasema, "Shikamoo, mama."

Miaka yote ya kufahamiana kwetu, mtu yule hakuwa amenipa shikamoo hata mara moja.

"Stambuli, usinifiche."

Alikwenda kwanza kumuuliza daktari, naye akasema, "Mwonyeshe, ni mwalimu." Akaniingiza maabara. Alinyanyua kimrija cha kioo chembamba kama njiti ya ufagio, akakielekeza kwenye mwanga. Chini palikuwa na damu nyekundu iliyotulia, juu maji ya njano.

"Amilesi inatutajia jina la ugonjwa, basi," alisema. "Inapanda upesi, inashuka upesi, mtu awe anapona au haponi. Ukali wake nautafuta hapa. Siku ya kwanza hii nyekundu ilikuwa arobaini na tano katika mia. Leo ni hamsini na tatu, na dripu inaingia usiku na mchana."

"Kwa hiyo damu inaongezeka?"

"Haiongezeki. Maji yanaikimbia, yanavujia tumboni, inabaki nzito. Na yurea inapanda kila siku. Ni taka ambayo figo zingeitoa, lakini figo hazipati maji ya kutosha. Daktari ameviona vyote viwili, ameongeza dripu. Tunamwomba Mungu, mama."

Nilitaka aniite mke wangu. Nilisimama pale nikisubiri aseme hata neno moja la kipuuzi, lakini hakulisema.

Alasiri tulimpeleka kwenye zahanati moja ya binafsi iliyokuwa imeleta mashine ya altrasaundi. Mfuko wa nyongo ulikuwa umejaa vijiwe vidogo, mfano wa mtama. Kimoja kilikuwa kimeteremka na kuziba njia ya kongosho. Pombe haikuhusika. Daktari kijana alikuja mwenyewe kunieleza, na alinitaka radhi kwa swali lake. Siku ya tano, kabla ya adhuhuri, mume wangu alifariki.

Daktari aliniandikia barua inayoeleza chanzo cha ugonjwa. Niliiweka mkobani, nikakusudia katekista aisome makaburini.

"Shemeji," Raphael aliniambia, "marehemu anayesomewa barua ya daktari kaburini, watu watauliza anajitetea nini."

Nilichukia, kwa sababu alisema kweli.

Siku ya maziko mvua ilikuwa imeharibu barabara ya Matombo. Stambuli alishuka njiani akatembea, akafika na matope hadi magotini, koti lake jeupe likiwa limekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Alinivuta pembeni.

"Habari za mgonjwa ni siri yake," alisema. "Sasa amekuachia wewe. Niseme?"

"Sema," nikamjibu.

Jeneza lilipotolewa nje, bibi mmoja wa ukoo wa Stambuli, Mosi, alijitokeza na kibuyu. Akayumba huku na huku, miguu ikipishana, akakinyanyua kibuyu na kukibusu. "Mimi Mwalimu Kasimiri," aliimba, "mchana nashika chaki, jioni nashika kata." Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nami nilikaa mkekani, mkoba mapajani, uso nimeukaza, maana mila haikuniruhusu kufanya zaidi ya hapo. Wanangu walikuwa wakinitazama.

Stambuli alivaa koti lake. Akaenda akampokonya Mosi kibuyu, akakinusa, akakimwaga chote chini.

"Bibi, umedanganywa," alisema kwa sauti kubwa. "Mlevi huyu? Ningefurahi. Mlevi angenipa hata kikombe kimoja katika miaka thelathini. Nimemchota damu siku tano, mimi, kwa mkono huu. Mnajua tulichokikuta?"

Watu walisogea karibu.

"Mawe. Tumbo lake tumelipiga picha, limejaa mawe. Nimeyatazama vizuri, ni ya mlima wetu. Mwizi mkubwa! Anapita kwenye mashamba yetu na suti yake na rozari yake, anaokota kimoja kimoja, anaficha kwenye nyongo ili tusimkamate. Yamemziba, yamemuua. Waulizeni wazee, mawe yetu yaliwahi kumwacha mwizi salama?"

Mosi alikuwa wa kwanza kupokea. "Na mjane wake je, hakujua?"

"Mjane ndiye alikuwa akishika taa," Stambuli alijibu.

Kicheko kilichopanda hapo sijawahi kukisikia msibani. Walimzunguka Raphael wakidai mawe yao. Tulipofika makaburini Stambuli aliokota kijiwe, akakitupia kaburini. "Chukua na hiki, mwizi we. Tumekusamehe." Nilimwona akijifuta uso kwa kola aliyoinyoosha mwenyewe. Barua ilibaki mkobani, na ipo hadi leo, haijasomwa na mtu. Tangu siku ile sijasikia neno ulevi likitajwa pamoja na jina wanalobeba watoto wangu.

Baada ya hapo alikuwa akipita Kilakala kila msimu kudai mawe. Alikata ndizi bila kubisha hodi, akaniita mke wangu kutoka barabarani, nami sikufunga mlango tena. Wakati wa kupunguza wafanyakazi serikalini alipunguzwa. Akahamia Turiani, kwa kina Mwanvita, kulima mpunga. Misimu ikapita. Ndizi ziliiva mgombani, ndege wakazila. Jioni nilikuwa nikisikiliza barabara.

Habari za kifo chake zilinifikia siku ya nne, ameshazikwa. Ukoo wa mume wangu haukuwahi kufika, hakuna mtani aliyemsema. Hilo linaniuma mpaka leo.

Nilikwenda kwenye arobaini, nikabeba mkungu wa ndizi. Mwanvita alinipokea, akanikalisha kwenye mkeka, tukalia kidogo. Akina mama walikuwa wakigawa chai. Msichana alipofika kwangu na kikombe, Mwanvita alimzuia.

"Huyu ndiye Mwalimu Cecilia?" binti aliuliza.

"Ndiye. Baba yenu aliacha neno. Alisema, mke wangu wa Kilakala akija, asipewe chai mpaka arudishe mawe."

Nilicheka mbele za watu wote, mimi ambaye sikuwahi kucheka msibani. Kisha nikasema kwamba sirudishi hata moja, na kwamba kola zake zilikuwa zimepinda siku zote. Mwanvita alijifunika uso kwa khanga, mabega yakimtikisika.

Chai sikupewa. Nilikaa bila chai mpaka basi la jioni lilipokuja.